Mfuko wa Mrina Asali

Inspekta Ednah Amoding alikuwa na tabia moja ambayo wenzake katika kambi ya polisi ya Kasese waliicheka, ila mbali naye. Kila alipoambiwa uongo akiwa kazini, alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari lake na kupiga mstari mdogo wa kalamu. Jumatano ile, saa tatu asubuhi, alikuwa kituoni Bwera hajamaliza hata kikombe cha chai, na tayari mstari wa kwanza ulikuwa umeshapigwa. Ulikuwa wa Konstebo Omara, aliyesema amehoji mashahidi wote.

"Afande, hii kesi iko wazi," Omara aliendelea, kifua mbele. "Yonasani Bwambale, muuza asali, jana saa nne ilikunywa chai ya huyu mama Mkongo. Ikavimba mdomo, ikatapika, ikaanguka. Kufika hospitali, imekwisha. Mama tulikamata saa tano. Na sumu tumepata kwa kibanda chake."

Akaweka mezani karatasi iliyokunjwa. Ndani yake mlikuwa na unga mweupe, vijiko viwili hivi. Amoding aliunusa. Kisha akachovya kijiko ndani ya unga ule, akaumimina kidogo kwenye chai yake iliyokuwa bado inatoa mvuke. Chai ikafoka povu hadi ukingoni.

"Bibi yako anapika mandazi, Omara?"

"Ndiyo, afande."

"Anaweka nini ifure?"

Omara alitazama povu, akatazama kofia yake. "Baking pauda, afande."

"Basi kamata na yeye. Unga yote peleka maabara hata hivyo, na uandike."

Amoding hakucheka. Sheria ilimpa saa arobaini na nane: kesho, Alhamisi saa tano asubuhi, ama mama yule afikishwe mahakamani kwa mashtaka ya kuua, ama aachiwe. Akishtakiwa angeingia mahabusu, na mgeni asiye na ndugu wa kumfuatilia huweza kusahauliwa humo hadi nywele ziote mvi. Akiachiwa bila jibu, watu waliokwisha kubomoa kibanda chake wangemmalizia yeye mwenyewe. Na Amoding mwenyewe hakuwa na hakika kwamba hakuua. Mpishi ndiye ajuaye alichotia chunguni.

Benedicte aliletwa bila viatu. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini, mzaliwa wa Kasindi ng'ambo ya mpaka, shavu moja limevimba kwa vibao vya watu wa sokoni.

"Batu banasema niliua mutu," alisema kabla hajakaa. "Mama afande, birika ilikuwa moya tu. Batu kumi balikunywa. Nani mwengine alikufa?"

"Mimi nauliza, wewe unajibu. Juu ya meza kulikuwa na nini? Taja kila kitu. Hata nzi."

Benedicte alifumba macho. "Birika. Kopo mbili. Mandazi. Sukari hapana. Yonasani hakutakaka sukari karibu yake. Kila siku ananiambia, Benedicte, panguza meza, funika kopo. Nilikuwaka namucheka. Mutu wa asali, kumbe anaogopa nyuki!"

Kalamu ya Amoding ilisimama. "Anaogopa nyuki?"

"Sana. Na jana Kosiya, ndugu yake, akakuya na masega mupya ndani ya majani ya mugomba. Nyuki beko bado juu yake. Akaweka pale mbele ya Yonasani. Yonasani akasema, toa hiyo kintu! Kosiya akacheka. Halafu Yonasani akajipiga hapa." Alijigusa nyuma ya sikio la kushoto. "Chai yake alikuwa hayaonja hata kidogo."

Amoding alifungua maelezo ya Kosiya, ambayo Omara alikuwa ameyaandika kwa mwandiko mzuri kuliko akili yake. Tulikaa, tukanywa chai, ndugu yangu akaanza kuvimba. Masega hayakutajwa popote. Mmoja kati ya wawili hawa alikuwa anadanganya, lakini hakupiga mstari, kwa maana hakujua bado aupige kwa jina la nani.

"Nani alisema sumu kwanza?"

"Kosiya."

"Wewe lazima utasema Kosiya."

"Uliza Alisi wa nyanya," alijibu Benedicte kwa uchungu. "Ule ananichukia. Muulize yeye."

Ilikuwa kweli kwamba Alisi alimchukia. Amoding alimkuta sokoni, amepanga mafungu ya nyanya zake pale pale kilipokuwa kibanda cha Benedicte, kana kwamba mahali pale pamekuwa pake tangu enzi.

"Huyo Mkongo mimi nilisema zamani afukuzwe," alianza. "Moshi yake yote inakuja kwa nyanya yangu."

"Jana uliona nini?"

"Niliona Yonasani iko kwa mkeka, amelala. Anajikuna viganja, tumbo, kila mahali. Ngozi imefura madoa makubwa makubwa. Mdomo hivi!" Alivuta midomo yake kwa vidole. "Anataka kusema kitu, sauti imekauka, pumzi inapiga filimbi. Kosiya akapiga kelele, amelishwa sumu! Maziwa! Leteni maziwa! Basi sisi wote tukaanza kulia sumu, sumu."

"Kabla ya Kosiya, nani mwingine alikuwa amesema sumu?"

Alisi alifikiri, na ilionekana hakufurahia alikofikia. "Hakuna."

"Na masega uliona?"

"Niliona. Tamu sana. Nililamba mimi na jirani wote."

Yeye alikuwa hapo mzima, anauza nyanya. Kwa hiyo masega hayakuwa na sumu, chai, kwa neno la Benedicte, haikuonjwa, na unga ulikuwa wa mandazi. Shahidi mwenye chuki akikubaliana na mtuhumiwa, askari mwenye akili hutega sikio. Omara, aliyekuwa nyuma akibeba mwavuli, alitoa simu yake kwa aibu. Kuna mtu alipiga video, alisema, tangu jana imezunguka Bwera nzima.

Ilikuwa ya dakika moja na nusu. Amoding aliitazama mara tano. Yonasani alikuwa ameinuliwa kwenye mkeka, ameketishwa wima. Benedicte mwenyewe amepiga magoti, anamnywesha maziwa kwa kopo la bati huku analia, na maziwa yanarudi puani. Kosiya, mwanamume mrefu mwenye koti la kijivu, amemshika mgonjwa mgongoni kwa mkono mmoja. Mkono wake wa pili ulikuwa umeukumbatia mfuko wa ngozi uliokuwa begani kwake. Kisha walimsimamisha mgonjwa wampandishe bodaboda, naye akalegea mikononi mwao, kichwa kikaanguka.

"Huo mfuko ya nani?"

"Ya marehemu, afande. Mfuko ya kurina. Kosiya ilimshikia."

Maziwa yalikuwa na sababu yake. Huko kote, mtu akisemwa amelishwa sumu, kitu cha kwanza ni maziwa, iwe ya ng'ombe au ya pakiti, na hakuna anayeuliza zaidi. Lakini Amoding alikuwa ameona wakulima watatu waliokunywa dawa ya wadudu mashambani Karusandara. Wale walitoka mate na jasho, mboni zikawa ndogo kama kichwa cha pini. Hakuna hata mmoja aliyefura madoa, wala aliyejikuna viganja.

Chumba cha maiti hakikumkawiza. Aliomba taa, akageuza kichwa cha marehemu, akaachanisha nywele nyuma ya sikio la kushoto. Palikuwa na uvimbe, na katikati yake mwiba mweusi, mfupi kuliko punje ya mchele, na kifuko chake kikiwa bado kimening'inia. Nyigu akiuma huondoka na mwiba wake. Nyuki huuacha.

"Nyuki moja, afande?" mhudumu alisema, na akatabasamu kidogo. "Huyu ni mrina. Babu yake mrina, baba yake mrina. Kwa ukoo wao wanasema nyuki anajua damu yake. Huyu ameumwa labda mara elfu."

"Ndiyo maana hakuna mtu ilitafuta," alisema Amoding. Aliupiga picha mwiba ule, akamwita daktari aje aushuhudie na kuutoa, akauweka kwenye bahasha.

Jioni, akiwa kwenye benchi la kituo, alimpigia simu Marita, binti pekee wa marehemu, aliyekuwa msibani kwao Bugoye. Marita alikuwa na miaka ishirini na mitatu, na sauti yake ilikuwa imeisha kwa kulia.

"Baba yako iliacha kupanda mizinga lini?"

"Nani amekuambia aliacha?"

"Jibu tu, binti yangu."

"Mwaka jana, msimu wa kahawa. Aliumwa huko Bwesumbu, nyuki mbili tu, akaanguka. Musawo Phionah alimuokoa. Baba alisema tusiseme kwa mtu. Mrina anaogopa nyuki, watu watamcheka mpaka kaburini." Akavuta pumzi. "Kosiya ndiye alimbeba siku hiyo. Ndiye peke yake alijua, na mimi."

"Na mizinga ilikuwa iende kwa nani?"

"Baba alisema atanipa mimi. Wazee walikasirika, kwa sababu kwetu mwanamke hashiki mzinga. Jumamosi hii alitaka kunitambulisha mbele yao. Kama si mimi, ni Kosiya."

Amoding aliandika neno Jumamosi, akalizungushia duara. Kisha akampata Phionah, mganga wa kituo kidogo cha afya huko mlimani, ambaye alisikiliza maelezo yote bila kukatiza.

"Hiyo si sumu, afande," alisema mwishowe. "Ni mwili unapigana na nyuki mpaka unajiua. Mtu anaweza kuumwa miaka mingi, hakuna kitu, halafu siku moja mwili unakataa. Kuvimba mahali ameumwa tu, hiyo kawaida. Weka maji baridi, basi. Lakini ukiona ngozi inafura mwili mzima, mdomo na ulimi vinavimba, pumzi inalia, anatapika, anazimia, hapo usingoje. Dawa ni moja, adrenalini, sindano ya paja, hapo hapo. Vidonge vya muwasho vinachelewa."

"Na wakati dawa haijafika?"

"Ondoa mwiba haraka, kwangua kwa ukucha. Mlaze chini, miguu juu. Akitapika mgeuze upande. Kama pumzi inambana sana anaweza kukaa, lakini usimsimamishe, usimtembeze. Damu imeshuka chini, ukimuinua ghafla moyo unabaki mtupu. Na usimpe kitu kwa mdomo, koo limefunga."

Amoding aliona tena kopo la bati, na maziwa yakirudi puani. "Adrenalini ingetoka wapi, huko sokoni?"

"Alikuwa nayo," alisema Phionah, na sauti yake ikabadilika. "Nyumba yake iko mbali na hospitali, kwa hiyo nilimpa. Kichupa na sindano, ndani ya kikopo cha mafuta ya kujipaka, na daftari lake la matibabu. Nilimwambia asitoke nyumbani bila hiyo. Nikawafundisha kuchoma, yeye na ndugu yake. Huyo ndugu alishika haraka kuliko yeye."

Amoding alikata simu, akafungua video ambayo Omara alikuwa amemtumia, akaisimamisha pale Kosiya alipoukumbatia mfuko. Hasira ilimpanda taratibu. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Kosiya alikuwa na dawa ile begani.

Pigo la mwisho lilitoka kwa Omara, alipotumwa kuuleta mfuko ule. "Haiwezekani, afande. Hapo mlangoni mwa hospitali mzee wao, Mzee Sunday, aliuchukua akaushona mdomo mbele ya watu. Ni desturi ya hao warina. Mwenyewe akifa, mfuko haufunguliwi mpaka azikwe. Halafu mrithi anaenda nao peke yake kwa mizinga, anafungua huko."

"Peke yake," alirudia Amoding. "Kuzika ni lini?"

"Kesho saa sita."

*

Alhamisi saa tatu na nusu gari la polisi lilipanda bonde la Mubuku hadi Bugoye. Turubai lilikuwa limetandazwa uani, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na jeneza likiwa sebuleni. Mfuko wa ngozi ulitundikwa juu ya mlango, mdomo wake umeshonwa kwa uzi mweusi. Kosiya alikuwa ameketi chini yake. Alikuwa na macho mekundu, na kama Amoding hangekuwa mtu wa kushuku, angemwonea huruma.

"Wabukire," Amoding alisalimia wazee kwa Kikonzo chake kibovu, wakamwitikia kwa heshima. Kisha akamgeukia Kosiya. "Pole, ssebo. Maswali matatu tu. Juzi kwa meza ya Benedicte, ulileta masega?"

"Masega? Hapana." Akaona wanawake wawili wa sokoni wakimtazama. "Labda kidogo. Ya kuuza."

"Ndugu yako ilikuwa na ugonjwa ya nyuki?"

"Yonasani? Afande, huyu ni mrina! Nyuki ilimjua."

"Kuna dawa yoyote alikuwa anabeba?"

"Mimi najua wapi? Watu ilisema ni sumu, na mimi nikasema ni sumu."

Amoding alifungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akapiga mistari mitatu bila haraka. Kosiya aliifuata kalamu ile kwa macho.

"Mzee Sunday," Amoding alisema, "naomba mfuko ufunguliwe."

Manung'uniko yalipita uani. Mzee Sunday alisimama, mwembamba, kofia kifuani. Alisema kwa upole kwamba serikali ina nguvu, inaweza kuuchukua, lakini tangu mababu hakuna mfuko uliofunguliwa kabla ya udongo. Afande angoje saa mbili tu. Kosiya akaitikia upesi mno: ndiyo, saa mbili tu, heshima ya marehemu.

Saa ya Amoding ilisema saa nne na dakika kumi. Baada ya saa mbili Benedicte angekuwa mahakamani, na mfuko ungekuwa porini na mtu mmoja. Angeweza kuamuru. Alikuwa na askari watatu. Lakini waombolezaji walikuwa mia, na ushahidi uliovutwa kwa nguvu kutoka mlango wa msiba ungezaa kesi nyingine. Akamtafuta Marita kwa macho.

Marita alikuwa amekwisha kusimama. Alipita katikati ya wanaume waliokaa, jambo ambalo hakuna binti wa ukoo ule aliyewahi kulifanya, akasimama mbele ya Mzee Sunday.

"Babu, kuna mama amefungwa kwa ajili ya baba yangu. Kama hakuua, baba hatalala. Mimi ndiye damu yake. Nasema ufunguliwe. Kama kuna laana, inipate mimi."

Mzee Sunday alimtazama muda mrefu. Halafu akamtazama Kosiya, ambaye jasho lilikuwa likimtiririka shingoni katika ubaridi wa asubuhi ile. Amoding hakujua ni lipi kati ya hayo mawili lililomshawishi. Aliuteremsha mfuko, akatoa kisu, akakata uzi.

Vitu vilitoka kimoja kimoja juu ya mkeka: kisu cha kurina, kamba ya kupandia, kiberiti, na kikopo cha bluu cha mafuta ya kujipaka. Amoding alivaa glavu, akafungua kifuniko. Sindano ilikuwa ndani ya karatasi yake, haijachanwa. Kichupa cha kioo kilikuwa kizima, dawa imejaa. Chini kabisa palikuwa na daftari la shule lililokunjwa mara mbili, la matibabu. Alimpa Marita asome.

"Wamefundishwa kuchoma adrenalini pajani," Marita alisoma. "Yonasani Bwambale, mgonjwa. Kosiya, ndugu. Kosiya amerudia mwenyewe mara tatu, bila kukosea." Akaligeuza daftari wazee waone. "Amepiga sahihi."

Amoding alishika simu, akaonyesha video mahali palepale alipoisimamisha tangu jana. Mkono mmoja mgongoni pa mgonjwa, mkono mwingine umekumbatia mfuko.

"Nilisahau," alisema Kosiya.

"Ulisahau dawa, lakini mfuko ulishika vizuri. Ukaita maziwa. Ukaita sumu."

Kosiya aliwatazama wazee, mmoja baada ya mwingine, kana kwamba kati yao angepatikana wa kumtetea. "Mizinga ya babu zetu!" alifoka ghafla. "Angeipa mwanamke! Ninyi wenyewe mlisema haifai!"

Mzee Sunday alivaa kofia yake. "Tulisema," alijibu taratibu. "Hatukusema umuue." Akauokota mfuko mtupu na kuuweka mikononi mwa Marita.

Saa nne na dakika hamsini Amoding alimpigia Omara. "Mfungulie mama. Mrudishie kila kitu, na umwombe radhi. Kwa sauti, watu wasikie."

*

Alipofika Bwera alasiri, mtuhumiwa wake akiwa nyuma ya gari na pingu, alimkuta Benedicte bado ameketi kwenye ngazi za kituo. Hakuwa na kibanda cha kurudia. Birika lake, lililokuwa kielelezo cha kesi, alikuwa amelipakata kama mtoto. Alimwona Kosiya akishushwa, akamtazama hadi mlango ulipofungwa. Hakutukana.

"Asante, mama afande," alisema. "Mungu akubariki. Lakini nataka kuuliza kintu moya."

"Uliza."

"Yonasani alikuwa mutu muzuri kwangu. Ule wakati alikuwa amelala kwa mukeka, alinishika mukono, akawa ananitazama tu. Balisema maziwa, nikakimbia kutafuta maziwa. Miye ndiye nilimuinua. Miye ndiye nilimunywesha, kwa mukono yangu." Alilipangusa birika kwa kanga, mahali palipokuwa tayari pasafi. "Ile maziwa ilimusaidia? Hata kidogo?"

Amoding alizisikia tena sauti zote mbili: ya Phionah kwenye simu, moyo unabaki mtupu, na ya yule mwanamume ndani, leteni maziwa. Maswali magumu alikuwa amezoea kuyauliza yeye. Aliketi kwenye ngazi, kitu ambacho afande hafanyi mbele ya raia.

"Ilimsaidia, mama," alisema. "Ilimpunguzia maumivu. Alijua uko naye."

Benedicte alitikisa kichwa kukubali, mara kadhaa, na machozi yakamtoka kwa mara ya kwanza tangu akamatwe. Amoding alingoja hadi alipoinuka na kushuka njia ya kwenda mpakani na birika lake. Kisha akafungua ukurasa wa mwisho wa daftari, akapiga mstari mmoja zaidi, na pembeni yake akaandika jina lake mwenyewe.